Bakhita, yaani Bahati

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni mtakatifu gani ungemsimulia mtoto, na kwa nini?" Kila Jumamosi nafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, parokiani, na jibu langu ni Josephine Bakhita wa Sudan.

Naanza na jina. Alizaliwa Darfur karibu mwaka 1869. Alipokuwa na miaka 7 hivi watu wawili walimteka jirani na kijiji chao, na kwa hofu akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Hao watekaji ndio waliomwita Bakhita, neno la Kiarabu lenye asili moja na bahati yetu. Hapo darasa zima hunyamaza. Kusahau daftari wanakujua, lakini jina lako mwenyewe?

Aliuzwa, akauzwa tena, El Obeid na Khartoum. Wapo wanaoniambia utumwa si habari ya watoto, nikimbilie kwenye utawa. Siwezi. Nawatajia vitu vitatu vilivyowekwa mbele yake siku ya kuchanjwa chale: unga, wembe na chumvi. Unga wa kuchorea mwilini, wembe wa kufuatisha michoro, chumvi ya kusugulia vidonda ili makovu yasifutike. Chale 114. Vitu hivyo vipo nyumbani kwa kila mtoto, sihitaji kuongeza neno.

Mwaka 1883 alinunuliwa na Callisto Legnani, makamu wa konsuli wa Italia, ambaye hakumpiga. Mwaka 1885 wakaenda Italia, na huko akakabidhiwa familia nyingine, akawa yaya wa mtoto wao aitwaye Mimmina.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Venice, 1889: mama yake Mimmina anataka kuondoka naye kurudi Afrika. Bakhita, anayejifunza dini kwa Masista Wakanosa, anakataa. Msichana aliyezoea kuamriwa tangu utotoni anasema hapana! Shauri likafika mahakamani, na tarehe 29 Novemba ikatamkwa kwamba yu huru. Akabatizwa 9 Januari 1890, kisha akawa sista.

Huko Schio, mji wa kaskazini mwa Italia alikohamia 1902, alipika, akatarizi, akawa bawabu wa nyumba ya masista. Watoto wa shule walipopita mlangoni aliwawekea mkono kichwani, mmoja mmoja.

Nikifika hapo nami huenda kusimama mlangoni. Wanajipanga foleni wenyewe, na wale wakubwa wanaojifanya hawataki ndio wanaopita mara mbili.