Galerie Dior: nenda hata kama hununui

Dada, umeuliza kama Galerie Dior, makumbusho ya nyumba ya mitindo ya Dior huko Paris, inamfaa mtu asiye na pesa ya kununua hata mkanda wao. Inamfaa sana. Zile ngazi za mwanzoni, zenye vigauni na viatu vidogo vilivyopangwa kwa rangi, kila mtu anapigia picha. Piga yako upite. Tulia kwenye nguo nyeupe za majaribio, za pamba, ambazo fundi hushona kabla hajagusa kitambaa cha bei. Mishono yote inaonekana. Ukikuta koti la Bar, lile maarufu la mkusanyiko wa kwanza wa Christian Dior wa 1947, angalia lilivyobana kiuno halafu likatunishwa nyongani, utaelewa kwa nini lilizua kelele wakati ule.

Vitu hubadilishwa, lakini ukibahatika kuona kazi za John Galliano, mbunifu wa Dior wakati huo, za 1997 zenye shanga, hizo amechota kwa Wamasai. (Mama zetu wanatunga shanga vivulini, na hakuna anayekata tiketi kuwatazama!)

Tiketi nunua mapema mtandaoni. Jumanne wanafunga. Mlango uko 11 rue François 1er, usiende kujipanga dukani avenue Montaigne.