Maswali yenu: mafundisho ya imani yana kazi gani?

*Katekista, kumpenda Yesu si inatosha? Haya mafundisho mengi ya nini?*

Yesu yupi, ndugu yangu? Siulizi kwa ubaya. Kulikuwa na padri Aleksandria anaitwa Arius, naye alijiona anampenda Yesu vizuri tu, ila akawa anafundisha kwamba Mwana aliumbwa, yaani kuna kipindi hakuwepo. Sasa kama ni kiumbe mbona tunamwabudu, na kiumbe atamwokoaje kiumbe mwenzie? Maaskofu wakakutana Nikea, Uturuki ya leo, mwaka 325 wakalikataa hilo. Ile Nasadiki, kanuni ya imani iliyotokana na Nikea, unayoikimbiza Jumapili ili misa iishe, ukifika pale "aliyezaliwa bila kuumbwa" ujue ndo Arius anajibiwa hapo.

*Mimi naimba kwaya tu, yananihusu?*

Tena wewe ndo wa kwanza! Arius fundisho lake alilitia kwenye nyimbo, likafika mpaka kwa mabaharia na wasaga nafaka. Mahubiri ya juzi watu washasahau, kiitikio chenu wanaosha nacho vyombo.

*Neno Utatu halimo kwenye Biblia, si wametunga?*

Neno halimo, kweli. Hata neno Biblia halimo. Soma Mathayo 28:19, wako watatu, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, halafu "jina" ni moja, watu walikuwa wanatafuta namna ya kulisema hilo bila kuharibu.

*Mama anasali kwa nabii mmoja, kaambiwa afunge siku nyingi na dawa za presha aache. Nifanyeje?*

Dawa kwanza, mengine baadaye, leo hii ongea na daktari wake. Halafu usiseme "mambo ya kiimani hayo namwachia mwenyewe", kule Shakahola, Kilifi, Kenya, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watu walifunga mpaka kufa wakijua wanaenda kumwona Yesu, na watoto wamo. Paulo alishamwonya Timotheo kuhusu wanaoamuru watu wajiepushe na vyakula, 1 Timotheo 4:3, na Waberoya, watu wa mji wa Beroya, walimchunguza hata Paulo mwenyewe kwa Maandiko, Matendo 17:11, wakasifiwa, sasa huyo nabii ni nani asichunguzwe? Ila usianze kwa kumtukana nabii wake, atakufungia masikio. Kaa naye jioni, mwambie mama naomba tusome pamoja, muanze na hiyo ya Waberoya.