Ukimtafuta mfungwa wa zamani, fuata meli yake

Msomaji mmoja anayeandika tasnifu amenitumia ujumbe: “Kaka, nina jina la mtu na kosa lake tu. Alighushi hati, Waingereza wakampeleka Australia. Nianzie wapi?” Swali hili limenifurahisha kuliko anavyodhani. Mwalimu wangu aliwahi kuniambia mbele ya darasa zima kwamba maisha ya mhalifu si historia, na maneno yale yananiuma mpaka leo.

Mtu niliyemtafuta mimi alikuwa Francis Greenway, msanifu majengo wa Bristol, Uingereza, aliyefilisika mwaka 1809. Mwaka 1812 alikiri kughushi hati ya mkataba wa ujenzi. Alihukumiwa kunyongwa, kisha adhabu ikageuzwa kuwa miaka 14 ng’ambo. Watafiti wengi huishia kwenye kesi kwa sababu kesi ina utamu. Lakini jalada la kesi linakuonyesha mtu katika siku yake mbaya kuliko zote, basi.

Fuata meli. Makarani wa Sydney walikuwa na akina John Smith wengi mno, hivyo mfungwa aliandikwa pamoja na jina la meli iliyomleta, na jina hilo lilimwandama miaka yote. Hata sensa ya 1828 inalitaja.

Meli ya Greenway ilikuwa General Hewitt, iliyofika Februari 1814. Wafungwa 34 walikufa njiani, na daktari William Redfern aliandika ripoti kuhusu hali ya meli za wafungwa. Ndani ya meli hiyo pia alikuwamo Joseph Lycett, mchoraji aliyehukumiwa Shrewsbury, Uingereza, mwaka 1811 kwa kosa lilelile na muda uleule. Nilipoyaona majina hayo mawili katika safari moja, usingizi ulinipaa. Lycett alirudia kughushi mwaka 1815, akapelekwa Newcastle ya hukohuko Australia, na huko akachora hadi akapata msamaha. Greenway alipewa kazi ya usanifu na Macquarie, gavana wa koloni hilo la Waingereza, mwaka 1816. Mnara wake wa kuongozea meli, pale lango la bandari ya Sydney, ulimpatia msamaha wa masharti. Hyde Park Barracks, bweni la wafungwa wenzake, lilimpatia msamaha kamili mwaka 1819. Na mwaka 1966 sura ya mtu huyu aliyeghushi ikachapwa kwenye noti ya dola 10 ya Australia! Mwalimu wangu angesemaje?

Kwa hiyo wadogo zangu, msikubali kuambiwa nani anastahili kutafutwa. Mtu si hukumu yake. Someni orodha ya meli yote, si jina mnalolitafuta peke yake. Narudia, meli yote, maana aliyelala jirani na mtu wako anaweza kukufungulia mlango ambao mtu wako mwenyewe ameufunga.

Msamaha ukishatolewa, makaratasi ya serikali hupungua. Hapo hamia kwenye magazeti. Sydney Gazette lilianza 1803, na Maktaba ya Taifa ya Australia imeliweka mtandaoni bure, kwenye tovuti ya Trove. Greenway aliachishwa kazi mwaka 1822, lakini mwaka 1835 bado yumo gazetini, anatangaza kwamba anatafuta kazi. Alifariki 1837.

Dada yangu uliyeniuliza, tafuta meli kwanza. Ukiipata niandikie, tusome orodha pamoja.