Jibu: mkuu, usimtoe mtu damu ndani ya gari

Mkuu nimesoma swali lako vizuri tu mpaka pale ulipoandika kwamba Jumatatu mnaanza kutoa chanjo ya utafiti wenu na damu mtachukulia ndani ya gari sababu nje jua kali, nikaweka kikombe cha chai chini. USIFANYE HIVYO. Ya friji, kibali cha NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na posho watakujibu wengine, mimi nina ugomvi na hilo gari.

Nilikuwa mratibu wa fildi kwenye utafiti wa chanjo ya kipindupindu, vijiji vya hukuhuku Dodoma, mlipuko umepamba moto, mradi sitaji. Chanjo yenyewe ya kunywa, kichupa kimoja, baada ya wiki mbili cha pili. Ila utafiti unataka damu kabla na baada, maabara ione kama kinga imepanda. Sasa bibi mmoja wa Kigogo akauliza: dawa nakunywa kwa mdomo, damu yangu mnaipeleka wapi? Tukamwambia imeandikwa kwenye fomu ya ridhaa. Bibi mwenyewe hajui kusoma, kaweka dole gumba, basi.

Bosi wetu, mtu wa shati jeupe, vumbi la Dodoma analijua kwa kuliona kwenye matairi yetu, ndiye aliyekataa mikutano ya vitongoji. "Mlipuko hausubiri." Hoja anayo, sikatai, Liberia 2015 Ebola ilipungua kabla utafiti haujapata wagonjwa wa kutosha kujua chanjo inakinga au vipi. Lakini ndo tukaonana na mtendaji na mwenyekiti wa kijiji tu, soda mbili, mhuri, kazini!

Sasa ona picha. Land Cruiser vioo vyeusi, mtu anaingia peke yake, mlango unafungwa, anatoka kashika pamba mkononi. Deli la sampuli limezungushiwa selotepu. Giza likiingia tunaondoka mbio maana maabara inataka mzigo siku hiyohiyo. Hivi ungeambiwa uigize mumiani ungeongeza nini hapo??

Siku ya nne tukakuta magogo barabarani na vijana wana fimbo. Mimi Mhehe, Wagogo watani zangu, nikashuka na utani wangu wa mlenda, hakucheka mtu. Nilirudi garini kwa spidi ambayo hiki kitambi hakijawahi kuiona. Aliyetuokoa ni mama mmoja mhudumu wa afya wa palepale kijijini, akapaza sauti, "wafungue hilo deli." Tukafungua. Barafu na vichupa. Mzee mmoja akachungulia akasema, "ndo hii tu?" Mililita 5, kijiko cha chai! Wao walijua tunajaza madumu.

Na usinione muoga, Oktoba 2016 pale Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, watafiti wawili na dereva wao waliuawa wakidhaniwa wanyonya damu. Walikuwa wanachukua udongo, mkuu. Udongo.

Sisi tulipona ila utafiti ulikufa. Zaidi ya nusu hawakurudi dozi ya pili, na bila damu ya pili ile ya kwanza kamwage tu. Halafu bosi kwenye ripoti akaandika "jamii ina uelewa mdogo". Uelewa mdogo! Yule bibi aliuliza swali ambalo yeye hakuliuliza kwenye kikao hata kimoja, mpaka leo nikikumbuka napanda presha.

Kwa hiyo damu mchana, chini ya mti, kijiko cha chai kiwe mezani watu wapime wenyewe, na deli LISITOKE kitongojini kabla mwenyekiti wa kitongoji hajalifungua kwa mkono wake watu wanaona. Kila siku, hata kama jana alilifungua. Maabara ikinuna inune.

Kuhusu kundi la kusubiri uliloulizia, yaani wale wanaochanjwa baadaye ili walinganishwe na waliotangulia, Guinea 2015 kwenye Ebola hawakutumia chanjo bandia (ile isiyo na dawa ndani), kundi la pili walilichanja baada ya siku 21, anzia hapo. Friji sijui uliuliza nini vile, sijarudi kusoma. We niambie Jumatatu mnaanza kijiji gani, nijibu kabla hamjatia mafuta.