Misuli kwenye sahani ya maabara
Dada, umeuliza kama wataalamu wanaweza kuona misuli ikijirekebisha bila kumkata mtu nyama kila mara. Wanaweza. Pembeni ya nyuzi za misuli kuna seli za akiba, ambazo mtafiti Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961. Misuli ikiumia, iwe jimu Sinza au kwa kubeba magunia Kariakoo, hizo ndizo huamka kuirekebisha. Maabara huzikuza kwenye sahani zenye maji ya lishe, nyuzijoto 37. Wengi hutumia C2C12, seli za panya zilizotokana na kazi ya watafiti Yaffe na Saxel ya mwaka 1977. Zikilishwa vizuri huzaliana tu. Ukizipunguzia seramu (majimaji ya damu yanayozilisha), mara nyingi hadi asilimia 2, huacha kugawanyika, hujipanga, kisha huungana kuwa mirija mirefu yenye viini vingi. Hapo ndipo panaponivutia mno: njaa kidogo ndiyo huzigeuza kuwa misuli!

Ila sahani haina neva, damu wala seli za kinga, na kidonda halisi kinavihitaji vyote. Kwa hiyo anayekuuzia unga wa kujenga misuli "uliothibitishwa maabara", muulize kwanza: kwenye seli au kwa watu?