Kabla hujaandika kipigo, andika funguo anazo nani

Skripti yangu ya kwanza ilianza na mume anayevunja sahani. Ukurasa wa tatu mke ana damu mdomoni, na kufika wa kumi sikuwa na cha kuongeza ila kipigo kikubwa zaidi. Wewe unayeanza leo, usipite huko. Mimi nilikuja kufundwa na Wairani, hasa na filamu ya Oktay Baraheni, Pir Pesar, iliyooneshwa kwenye tamasha la filamu la Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2024 na kupata tuzo. Inazidi saa tatu. Itafute, ukae nayo mpaka mwisho, simu iwe chumba kingine.

Jina lenyewe ni somo. Pir ni mzee, pesar ni mvulana. Sisi tungesema kapera, lakini kapera wetu anaweza kuwa na chumba chake na raha zake. Huyu wa Kiajemi ni kama mtoto aliyeota mvi. Ndivyo walivyo Ali na Reza, ndugu wa baba mmoja, kila mtu na mama yake, watu wazima wanaoishi Tehran kwa baba yao Gholam, mtu katili kwelikweli. Gholam anampangisha ghorofa ya juu mwanamke aitwaye Rana, kisha anamtaka. Ali naye keshampenda.

Mtazamaji atauliza: mbona vijana hawaondoki? Usimjibu kwa kumpa mhusika maneno "sina pa kwenda". Kaa chini kabla ya sini, yaani onyesho, ya kwanza uandike: nyumba ya nani, hela ya mboga inatoka wapi, funguo anazo nani, nani akiingia wengine wanapunguza sauti ya televisheni. Mimi huandika kurasa mbili za namna hiyo, na hakuna hata mstari unaoingia kwenye filamu. Lakini ukishayajua, baba akikohoa tu nje ya mlango, watu ukumbini wanajikunyata.

Sasa damu. Kwa masharti ya sinema ya Iran, mwigizaji wa kike hufunika nywele hata akiwa chumbani kwake, na mwanamume hamgusi. Sitayapamba masharti hayo. Wapo wakurugenzi waliofungwa jela kwa kazi zao. Ila tazama The Salesman ya Asghar Farhadi, ya 2016. Kengele inalia, mke anadhani ni mumewe, anauacha mlango wazi kidogo na kwenda kuoga. Kamera inabaki na ule mlango. Kushambuliwa kwake hatukuoni. Tunakuja kuona damu kwenye ngazi. Mara ya kwanza nilirudisha nyuma, nikidhani kuna kipande nimekiruka.

Jambo jingine, soma sheria za mahali hadithi yako inapoishi. Kanuni ya adhabu ya Iran, kifungu cha 301, inamwondolea kisasi cha kifo baba anayemuua mwanawe. Mwaka 2021 mkurugenzi wa filamu Babak Khorramdin aliuawa na wazazi wake huko Tehran, nao wakakiri kwamba walishamuua binti yao na mkwe wao. Wairani hao hao wamekua na kisa cha Rostam katika Shahnameh, utenzi wao wa kale, baba anayemuua mwanawe Sohrab bila kumjua. Ukiyabeba haya, Gholam haonekani tena zimwi lililodondoka kutoka hewani. Kama unaandikia Tanzania, anza na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66: hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake wa ndoa. Halafu msikilize mzee wa ukoo akisuluhisha kana kwamba kifungu hicho hakijawahi kuandikwa. Hiyo ni sini nzima, na hakuna aliyeinua mkono.

Ile skripti yangu sasa iko rasimu ya nne, na sahani zote ni nzima. Mume anarudi, anafungua friji, anahesabu mayai. Dada aliyekuja kujaribu nafasi ya mke aliusoma ukurasa huo, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Kaka, yamepungua mangapi?"