Usilipie gunia la mahindi ambalo hujalipima unyevu

Usitume hizo fedha. Umeandika kwamba unataka kupunguza matumizi ya nyumbani, ukauliza kuhusu gesi na mkaa, umeme wa LUKU, na kununua magunia sita ya mahindi wakati huu wa mavuno ili familia ile mpaka mwakani. Hapo kwenye magunia ndipo chai yangu ilipopoa, kwa sababu dalali wako amekuambia maneno yale yale niliyoambiwa mimi mwaka 2021: "Haya yamekauka, mzee, wewe pakia tu."

Mwaka ule bei ilikuwa imeshuka, nami nikajiona mjanja. Nilinunua magunia sita katika soko moja la nafaka mkoani Dodoma kwa shilingi 45,000 kila moja, nikalipia usafiri hadi Dar es Salaam, nikayapanga stoo juu ya sakafu tupu yakiegemea ukuta, kisha nikaanza kuwahesabia majirani fedha nitakazookoa. Dalali alikuwa amefungua gunia moja tu, la juu kabisa, akatia punje kinywani na kuiuma mbele yangu, ikalia kama kokoto. Mpaka leo naamini punje ile ilitoka mfukoni mwake.

Wiki ya tano mke wangu aliuliza ni kitu gani kinanuka stoo. Nilipopenyeza mkono katikati ya gunia la chini nilikuta joto kama la mtoto mwenye homa, na punje nilizotoa zilikuwa zimeshikamana, zimeota ukungu wa kijani penye kiini. Magunia manne yalikuwa hivyo. Mawili yaliyosalia yalikuwa yameingiliwa na dumuzi, wadudu watoboao nafaka, wale ambao wakulima huwaita Scania, na jina hilo wanalistahili: usiku ukitega sikio unawasikia wakiwa kazini, na asubuhi unakuta unga ambao hukuusaga.

Jirani mmoja, mjuzi wa kila jambo, alinishauri nichambue yaliyo mazuri nikayasage, eti moto utamaliza kila kitu. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, haimalizwi na moto wa ugali, na inaweza kuwamo hata katika punje inayong'aa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Hata kuku niliwanyima, wakanitazama kama mchawi. Nilifukia magunia manne, yale mawili tukayapepeta na kuyala haraka, na kufikia Septemba nilikuwa nanunua sembe kwa kilo kwa mangi wa mtaani, ambaye hakuuliza lolote ila alitabasamu kuliko kawaida. Kilichoniuma zaidi ni kutambua kwamba, kwa kuwa mahindi mabichi huwa mazito, nilikuwa nimelipia maji kwa bei ya nafaka.

Kanuni yangu sasa ni moja: chupa kwanza, fedha baadaye. Nenda sokoni mwenyewe na chupa ya kioo iliyokauka kabisa na chumvi kavu. Chota punje katikati na chini ya kila gunia, siyo juu, uzitie ndani ya chupa pamoja na vijiko vichache vya chumvi, ufunge, utikise kwa dakika chache, kisha uache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayo bado mabichi; achana nayo, hata dalali akiapa kwa jina la mama yake. Yakipita, yaanike tena juu ya turubai ukifika nyumbani, uyahifadhi juu ya chaga, mbali na ukuta. Ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ni mizuri, kwani huwanyima wadudu pumzi, lakini haikaushi kitu. Ukitia mahindi mabichi humo umeyafungia kaburini.

Mambo ya gesi na LUKU watakujibu wengine. Mimi nataka kujua kama umeshatanguliza malipo yoyote, na kama mzigo tayari uko njiani, tafuta turubai leo hii.